Mti na Uyoga Wake: Historia ya Istilahi katika Miombo ya Songea

Miongoni mwa kazi ambazo sehemu yetu ya istilahi hupewa ni kuzisoma tafsiri za sheria ndogo na miongozo kabla hazijafikishwa kwa wananchi. Kwa kawaida kazi hii haina makuu. Hurekebishwa upatanisho wa kisarufi hapa, huondolewa neno la kigeni pale, na jalada hurudishwa lilikotoka. Lakini rasimu moja iliyotoka Songea ilitukalisha muda mrefu kuliko tulivyotazamia, nayo ndiyo iliyozaa makala haya.

Rasimu hiyo ilihusu hifadhi ya msitu wa kijiji. Kifungu kimoja kilikataza mtu yeyote kukata, kung'oa au kuchukua "mmea wowote" ndani ya mipaka ya hifadhi isipokuwa kwa kibali. Iliposomwa katika mkutano wa kijiji, mama mmoja alisimama akauliza swali la maneno mawili: "Na uyoga?" Msomaji wa rasimu alinyamaza. Wengine walidai kwamba uyoga ni mmea kwa kuwa unaota. Wengine walisema si mmea, kwa kuwa hauna jani, haupandwi wala haupaliliwi. Hatimaye iliandikwa barua kutuuliza sisi.

Tunakiri kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa jepesi mno. Tulijibu kwa kifupi kwamba katika matumizi ya kawaida uyoga huhesabiwa pamoja na mimea. Jibu hilo lilikuwa limekwisha kupigwa chapa, likisubiri sahihi, ndipo mwenzetu mmoja aliyesoma biolojia aliposema kwamba kwa maneno hayo tunawanyima akina mama wa kijiji kizima kitoweo na fedha za masika, na kwamba juu ya hayo tunasema jambo lisilo kweli. Barua ilizuiwa. Baadaye tulisafiri hadi Songea, mvua zikiwa zimeshika, ili tujionee kitu chenyewe kabla ya kukipa jina.

Yafaa tuanze na miti, kwa maana huko ndiko wachumaji wanakoanzia. Mtu wa mjini akienda kutafuta uyoga hutazama chini. Mama tuliofuatana nao katika misitu iliyo upande wa milima ya Matogoro, unakoanzia mto Ruvuma, walitazama juu. Waliipita sehemu kubwa ya pori bila kugeuza shingo, kisha wakasimama mahali ambapo kwa macho yetu palikuwa sawa na kwingine kote. Mmoja wetu, kwa uchovu, alikuwa ameegemea mninga mzuri ulionyooka. Bibi mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huo uliouegemea ni mti wa mbao, haulei uyoga. Njoo huku kwenye miombo."

Neno "haulei" tuliliandika papo hapo, na tutalirudia. Kwanza tueleze bibi huyo alikuwa anasema nini kwa lugha ya sayansi.

Msitu wa miombo umepata jina lake kutokana na mti uitwao myombo, wa jenasi ya Brachystegia. Ndugu zake ni wengi: mtundu, ambao pwani huitwa mrihi, ni wa jenasi hiyo hiyo; na mtondoro ni wa jenasi ya jirani, Julbernardia. Pamoja na hiyo yote husimama msuku, Uapaca kirkiana, wenye majani mapana magumu na matunda ya masuku ambayo kila mtoto wa Songea anayajua. Msitu wa namna hii huenea tangu Angola hadi Msumbiji, na neno miombo limeingia katika lugha za kisayansi za Ulaya bila kutafsiriwa. Sisi tuliozoea kuhangaika na maneno yanayokuja kwetu, yatufaa tukumbuke kwamba yapo pia yaliyotoka kwetu yakapokewa kama yalivyo.

Miti hii ina desturi moja isiyoonekana kwa macho. Mizizi yake myembamba huvikwa ala ya nyuzi za kuvu, na nyuzi hizo hutambaa mbali udongoni kuliko mizizi yenyewe inavyoweza kufika. Kuvu huuletea mti maji na madini, hasa fosfeti, ambayo ni haba katika udongo wa miombo. Mti nao huipa kuvu sukari iliyotengenezwa majaninini kwa nguvu ya jua. Mvua zinapoanza na ardhi ikalowa sawasawa, kuvu hiyo hutoa tunda lake juu ya ardhi, nalo ndilo tunaloliita uyoga. Mninga, pamoja na thamani yake yote kwa seremala, hauna ala hiyo. Mizizi yake hushirikiana na kuvu za namna nyingine, ambazo hupenya ndani ya mzizi na hazitoi uyoga kamwe, na tena ina vinundu vya bakteria kama mizizi ya maharage. Kwa hiyo bibi yetu alikuwa amesema kweli tupu. Unaweza kukuta chini ya mninga uyoga unaokula majani yaliyooza, lakini uyoga uliozaliwa na mizizi ya mninga hutaukuta.

Ni lini wataalamu walilijua jambo hili? Neno mikoriza, lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya uyoga na mzizi, lilitungwa na Mjerumani Albert Bernhard Frank mnamo 1885. Serikali ya Prussia ilikuwa imemtaka atafute njia ya kulima uyoga wa thamani uotao chini ya ardhi katika misitu ya Ulaya. Njia hiyo hakuipata. Aligundua badala yake kwamba mizizi ya miti ya msituni imevikwa kuvu, na akashikilia kwamba kuvu hizo si ugonjwa bali ni msaada kwa mti. Wenzake wengi hawakumwamini upesi. Tunataja kwa kupita tu kwamba mwaka ule ule, katika mji ule ule wa Berlin, Kaisari alitia sahihi hati iliyoiweka sehemu ya Afrika ya Mashariki chini ya ulinzi wa Ujerumani. Tarehe ya hati hiyo ilikuwa 27 Februari. Watu wa Songea wana sababu yao ya kuikumbuka tarehe hiyo, kwa maana ndiyo siku waliyonyongwa wenzake Nduna Songea Mbano mwaka 1906.

Katika misitu ya tropiki elimu hii ilichelewa sana. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mikoriza ya ala ni jambo la nchi za baridi. Mwaka 1957 Waitalia Peyronel na Fassi waliielezea kutoka katika mti mkubwa wa misitu ya Kongo, iliyokuwa bado chini ya Wabelgiji. Kwa Tanzania, mtafiti Peter Högberg alichapisha mwaka 1982 matokeo ya uchunguzi wake wa mizizi ya miti na vichaka vya hapa nchini, naye alionyesha kwamba jamii ya myombo na mtondoro ina mikoriza ya ala, na jamii ya mninga haina. Hivyo, ndugu msomaji, tangu Frank hadi Högberg ni miaka 97. Hatudai kwamba bibi wa Songea alijua habari za fosfeti. Tunadai tu kwamba mgawanyo wa miti aliokuwa nao kichwani ulikuwa ule ule, na kwamba hakuupata vitabuni.

Aliupata wapi basi? Hapa hatuna budi kuigeukia historia ya watu na lugha zao.

Wangoni walifika katika nchi hii wakitokea kusini ya mbali. Kundi kubwa lililoongozwa na Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya kifo cha kiongozi huyo huko Ufipa, miaka ya 1840, likagawanyika. Baadhi ya makundi hayo ndiyo yaliyounda katika eneo la Songea dola mbili, Njelu na Mshope. Waliwakuta hapo wenyeji: Wandendeule, Wamatengo na wengineo. Watawala walikuja na lugha ya jamii ya Kizulu. Mmisionari Cassian Spiss, ambaye baadaye aliuawa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, alichapisha mwaka 1904 maelezo ya lugha mbili kwa pamoja, Kingoni na Kisutu. Kingoni alichokieleza kilikuwa cha watawala, na Kisutu kilikuwa cha raia. Leo hii kile cha kwanza kimekwisha kutoweka katika Songea. Lugha inayoitwa Kingoni sasa ni mrithi wa kile cha pili, nayo ni jirani ya Kindendeule na Kimatengo. Jina la mshindi limebaki, na lugha ya mshindwa ndiyo inayosemwa.

Mambo ya namna hii yanajulikana kwa wanahistoria. Lakini kwa mkuza istilahi yana maana ya pekee. Mpiganaji aliyetoka katika nchi ya majani mafupi na ng'ombe hakuwa na majina ya miombo. Mwanamke mwenyeji aliyeolewa naye, au aliyetekwa, alikuwa nayo. Watoto walijifunza majina ya miti, matunda na uyoga kwa mama zao jikoni na porini, na inaelekea kwamba msamiati huo ulikuwa miongoni mwa nguzo zilizoifanya lugha ya wenyeji isianguke. Jambo hili tunalisema kama dhana yetu, wala halina ushahidi wa maandishi. Hata hivyo hatuoni njia nyingine ya kueleza kwa nini maneno ya kasri yamekufa na maneno ya kikapu yangali hai.

Kisha ikaja njaa. Baada ya vita vya 1905 hadi 1907 majeshi ya Kijerumani yaliteketeza vijiji, mashamba na maghala ili kuwavunja watu nguvu, na Ungoni ilikuwa katika sehemu zilizoumizwa vibaya. Watu wasio na mbegu huishi kwa pori. Wakati kama huo anayejua mti upi hulea chakula na upi haulei hawi tena mchumaji wa kitoweo; huwa ndiye mlishaji wa ukoo. Na anayekosea huua.

Sasa tutazame vitabu vyetu vilifanya nini na elimu hii. Mwaka 1937 mtaalamu P. J. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, Kilatini na Kiingereza. Mwaka 1949 yeye na Brenan walitoa orodha ya miti na vichaka vya Tanganyika, yenye majina ya lugha nyingi za makabila. Padri Charles Sacleux, aliyekaa miaka mingi pwani na Unguja na mwenyewe akiwa mkusanyaji wa mimea, alikuwa amekwisha kuyaingiza majina mengi ya miti katika kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939. Hizi ni kazi za heshima, nasi tungali tunazifungua karibu kila wiki. Lakini zote zilikuwa kazi za mimea yenye majani. Mti ulipewa jina, jina likapewa Kilatini, na uyoga ulioota chini yake ukaachwa msituni. Greenway alikuwa na haki: kazi yake ilikuwa mimea. Matokeo yake ni kwamba Kiswahili sanifu kimerithi mamia ya majina ya miti na neno moja tu la uyoga.

Neno hilo si la kudharauliwa. Lina ndugu zake kote kusini na mashariki: Wanyanja husema bowa, Wabemba husema ubowa, na Waganda husema obutiko, na katika lugha hizi kiambishi ni cha jamii moja na "u" yetu. Ukitazama vizuri utaona kwamba Kibantu hakikuuweka uyoga katika ngeli ya miti. Mti ni m- na mi-, tunda lake ni la ma-, na uyoga umekaa pembeni na u- yake. Tusiivute sarufi ituambie biolojia, kwani ngeli ina mambo yake mengi. Lakini tulipokuwa tukiandika upya lile jibu la barua, jambo hili lilitufanya tusite. Wanasayansi wenyewe waliziweka kuvu miongoni mwa mimea kwa muda mrefu, mpaka Robert Whittaker wa Marekani alipopendekeza mwaka 1969 mgawanyo wa himaya tano za viumbe, kuvu zikiwa na himaya yao. Tangu hapo vitabu vya shule vimefuata mkondo huo. Hapa nyumbani, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 iliwapa walimu chombo cha kuyasema hayo kwa lugha ya taifa.

Kwa hiyo jibu letu la pili kwa wale waandishi wa rasimu lilikuwa hili: uyoga si mmea, kifungu chenu hakiukatazi, na kama mnataka kuuhusisha basi utajeni kwa jina, ili wananchi wajue wanakubali nini. Walichagua kuutaja, na wakaruhusu kuuchuma kwa matumizi ya nyumbani na kwa kuuza, mradi mti wenyewe usiguswe. Hatujui sheria nyingine iliyorekebishwa kwa kisa cha ngeli na himaya.

Kilichobaki ni istilahi, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu.

La kwanza ni huo mti wenyewe. Katika elimu ya vimelea Kiswahili kina neno mwenyeji kwa kiumbe anayemhifadhi kiumbe mwingine mwilini mwake, kama ng'ombe anavyohifadhi minyoo. Baadhi ya wafasiri wamekwisha kulihamisha neno hilo hadi kwenye miti ya uyoga, wakaandika mti mwenyeji. Sisi hatukuridhika. Mwenyeji wa kimelea hana faida naye, na mwanafunzi anayesoma mti mwenyeji atadhani kuvu inamnyonya mti. Hilo ndilo kosa walilolifanya wapinzani wa Frank, nasi tungekuwa tunalirudisha kwa mlango wa nyuma.

Bibi wa Songea alitupa neno jingine: mti unalea. Tukapendekeza mti mlezi. Katika kikao neno hili lilipendwa na wengi, na mwalimu mmoja alisema kwamba mtoto wa darasa la tano angelielewa bila maelezo. Mwenzetu wa biolojia hakukubali. Alisema mlezi hutoa na mtoto hupokea, kumbe hapa wote wawili wanatoa. Tena mche mchanga wa myombo usiopata kuvu hudumaa, hivyo kwa sehemu kubwa ni kuvu inayolea. Hoja yake haikuweza kupuuzwa. Wakatokea waliotaka mti mshirika, ambalo ni neno sahihi lakini lina harufu ya ofisi, hakuna mchumaji atakayemwambia mwenziwe, "Twende kwenye miti mishirika." Msimamo wetu, ambao bado haujapitishwa, ni kwamba mti mlezi litumike katika vitabu vya shule, miongozo ya vijiji na maandishi ya watu wote, kwa kuwa ni neno la wenye kazi, na kwamba katika maandishi ya kisayansi uhusiano wenyewe uitwe mikoriza, ukigawanywa kuwa mikoriza ya ala kwa miti kama myombo na mikoriza ya ndani kwa miti kama mninga. Wapo waliotaka kuviunganisha vipande viwili kuwa kuvumzizi. Neno hilo linaumiza ulimi, nasi hatulitaki.

La pili ni majina ya miti. Kuna mitego hapa ambayo kila mfasiri anapaswa kuijua. Mtondoro wa bara na mtondoo wa pwani ni miti miwili isiyohusiana hata kidogo. Mtondoo, Calophyllum inophyllum, hukaa karibu na bahari na kokwa zake hutoa mafuta. Tumeona tafsiri ambamo herufi moja iliachwa na miombo ikahamishiwa ufukoni. Msuku wa Songea kwa watu wengi wa Iringa ni mkusu, na masuku yakawa makusu. Hapa tatizo ni dogo, kwa kuwa mti ni mmoja na silabi tu ndizo zilizobadilishana mahali. Tunashauri msuku liwe neno kuu, na mkusu litajwe kama kisawe.

Kuna uyoga pia ambao mti haukusaidii kuupata, nao ni ule wa kichuguu, wa jenasi ya Termitomyces. Huu mlezi wake si mti, ni mchwa, anayeulima ndani ya kichuguu juu ya vipande vya miti na majani aliyovitafuna. Aina moja iliyoelezwa kutoka Zambia mwaka 1980 ina kofia inayoweza kufikia mita moja kwa upana. Uyoga wa magogo nao hauchagui mti ulio hai, kwa kuwa chakula chake ni mti uliokufa. Katika kundi hilo umo ule unaopandwa siku hizi katika mifuko na mabanda, ambao wakulima huuita mamama. Wa miombo haujapata kulimwa namna hiyo, kwa kuwa mizizi hai ya mti haitiwi mfukoni. Ukiufyeka msitu, huo nao umekwisha.

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini wapo wachumaji wa uyoga uitwao moreli, wa jenasi ya Morchella, wenye kofia ya vishimo kama sega la nyuki. Nao hutafuta kwa kutazama miti. Hupenda kusimama penye ashi na mitufaha mikuukuu, na zaidi penye elmu iliyokufa karibuni, kwa kuwa ugonjwa ulioangamiza elmu nyingi katika karne ya 20 uliacha moreli nyingi kandokando ya mizizi inayokauka. Kwa hiyo mchumaji wa huko hutafuta mti unaokufa, na wa kwetu hutafuta ulio hai. Tunaitaja tofauti hii kwa sababu vijitabu vya uchumaji wa uyoga vilivyoandikwa huko vimeanza kuletwa kwetu vitafsiriwe, na ushauri unaofaa penye elmu ukihamishiwa kwenye myombo utampeleka mtu mahali pasipo kitu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni sumu.

Vijitabu hivyo huonya, kwa haki kabisa, dhidi ya uyoga mweupe wa jenasi ya Amanita, wenye pete shingoni na kikombe shinani. Baadhi ya uyoga huo una sumu ambayo kupika hakuiondoi, na dalili zake hukawia saa nyingi hata mgonjwa akasahau alikula nini. Lakini katika miombo imo Amanita zambiana, yenye pete na kikombe, ambayo huliwa na watu wengi tangu Zambia, ambako Wabemba huiita tente, na Amanita loosii, inayojulikana sana kwa Washona kwa jina la nhedzi. Mfasiri akiandika bila kufikiri kwamba kila uyoga wenye kikombe unaua, mchumaji wa kusini atacheka, na kitabu hatakiamini tena hata kinapoonya kwa kweli. Akiandika kinyume chake, kwamba wenye kikombe wa msituni unaliwa, atakuwa ameua watu. Kwa maana miti imehamishwa. Misindano iliyoletwa kutoka ng'ambo haikuja peke yake; haistawi pasipo kuvu zake, na katika nchi kadhaa za tropiki upanzi wake ulishindikana mpaka udongo wenye kuvu ulipopelekwa. Pamoja na kuvu zilizo njema, misitu hiyo ya kupandwa imeleta katika Afrika ya kusini na ya mashariki Amanita muscaria, yenye kofia nyekundu ya madoa meupe, yenye sumu. Nyanda za Juu Kusini zina misindano mingi. Mtoto aliyefundishwa na bibi yake kuchuma chini ya miombo akienda kuchuma chini ya misindano, elimu ya bibi haimlindi, kwani mlezi si yule.

Kwa sababu hiyo neno "uyoga wa msituni" tumeliondoa katika orodha yetu. Halisemi msitu upi. Pale linapotumika katika rasimu tunalirudisha kwa mwandishi, tukimwomba aandike uyoga wa miombo, uyoga wa misindano, uyoga wa kichuguu au uyoga wa magogo. Tumelaumiwa kwamba tunawachosha watu. Tunakubali lawama hiyo.

Wataalamu wa uyoga wamekwisha kutusaidia kuliko tulivyowasaidia. Marja Härkönen wa Finland na wenzake, pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi, walitoa mwaka 1995 kitabu juu ya uyoga unaoliwa Tanzania, na kingine kikubwa zaidi mwaka 2003, wakiwa wamewahoji wachumaji wenyewe vijijini. Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipendekeza mwaka 2012 kwamba kundi la uyoga wa kantareli za Kiafrika lipewe jenasi yake, Afrocantharellus. Na huko Zambia walipoueleza mwaka 1980 uyoga mmoja wa miombo utoao utomvu, waliupa Kilatini cha Lactarius kabansus, kutokana na jina lake la Kibemba, kabansa. Neno la kikapu cha mama likawa neno la maabara za dunia nzima. Kwa uyoga wa Songea, majina ya aina moja moja tuliyoyaandika huko hatuyachapishi hapa, kwa kuwa kila jina lazima kwanza lilinganishwe na kielelezo kilichokaushwa na kutambuliwa na mtaalamu. Jina la kiti likikosewa, mtu huketi hivyo hivyo.

Tunawaomba basi walimu na maofisa walioko Songea, Mbinga, Namtumbo na Tunduru watuletee kadi. Kwenye kila kadi liandikwe jina la uyoga katika lugha ya mahali, na jina la lugha hiyo; jina la mti ulio jirani, pamoja na jani lake moja lililokaushwa ndani ya gazeti; mwezi; rangi ya kofia juu na chini; kama una pete au kikombe; kama hutoa utomvu; na namna unavyopikwa, hasa kama maji ya kwanza humwagwa. Aliyelisema jina aulizwe pia amelijua kwa nani. Katika kadi tulizokwisha kupokea, mahali pa swali hilo la mwisho pameandikwa karibu kila mara neno moja: bibi.